Gauni Lisilo na Mtu Ndani

Wenzake wa kazini ndio waliompa jina la Taratibu. Tangazo ambalo wao walilimaliza kabla ya chakula cha mchana, yeye jioni alikuwa bado analitazama, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Jina halikumuudhi. Alipoacha kazi ya ofisini na kuanza kujitegemea, hata wateja wapya walimwita hivyo hivyo, na mama yake naye akalizoea.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza matangazo yanayomjibu mtu. Unagusa skrini, kiatu kinageuka kukuonyesha soli. Unasogeza mkono, mkoba unabadilika rangi. Aliyafanyia nyumbani kwa mama yake, kwenye chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa sebule ya wageni. Kilikuwa na pazia jeupe refu, na mchana upepo ulipoingia pazia lilijaa, likatulia, likajaa tena, hata ukikaa humo kwa muda unaanza kupumua nalo.

Siku moja alifika mbunifu wa mavazi, mwanamke wa makamo mwenye mkasi mdogo uliofungwa utepe shingoni. Alikuja na sanduku la magauni, na kabla hajakaribishwa kiti alikuwa ameshayatundika kila mahali: mlangoni, kwenye komeo la dirisha, kwenye kiti cha Taratibu mwenyewe.

"Nataka yatembee," alisema.

"Yavaliwe na nani?"

"Yasivaliwe na mtu. Yatembee yenyewe, kaka. Mtu akipita nje ya dirisha la duka langu, gauni lipite naye ndani ya kioo. Akisimama, lisimame. Nimechoka na sura za wanamitindo. Watu wanatazama pua ya msichana, nguo inasahaulika."

Taratibu alicheka, kisha akavuta kompyuta karibu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuliona.

Walianza na vitambaa. Mbunifu alipanda juu ya stuli na kuachia hariri ianguke, Taratibu akairekodi. Wakaachia pamba, wakaachia kitani. Yeye aliingiza kila mkunjo kwenye kompyuta mpaka gauni la kwenye skrini likajua kuanguka kama gauni la mkononi. Wiki hizo chumba kilikuwa kama ndani ya wingu. Mama mtu alipita mlangoni, akatikisa kichwa, akasema wamegeuza sebule yake kamba ya kuanikia nguo.

Tatizo lilikuwa mwendo. Gauni lilianguka vizuri, lakini likiambiwa litembee lilikuwa kama nguo iliyobebwa kwenye hanga. Wakaleta wanamitindo wawili watembee mbele ya kamera inayosoma mwili wa mtu na kulipatia gauni hatua zake. Mbunifu aliwakataa wote.

"Yule anatembea kama anakagua vigae," alisema walipoondoka. "Na huyu mwingine kama ameambiwa nyuma kuna nyuki."

Walikuwa wamekaa hivyo, wamechoka, kamera bado inawaka, mama alipokatiza chumbani na beseni la nguo akielekea uani. Hakuwatazama. Kwenye skrini, gauni la rangi ya maziwa liliinuka, likageuka, likapita. Upande wa kulia lilizama kidogo kila baada ya hatua, na pindo, kwa sababu ya kule kuzama, lilichelewa kidogo kuufuata mwili, likaja nyuma kama wimbi dogo. Kisha likatoka nje ya skrini, na skrini ikabaki tupu.

Mbunifu aliisogelea skrini.

"Nani huyo?" mbunifu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mama."

"Najua ni mama, si nimemwamkia asubuhi? Nauliza mwendo ule ameutoa wapi."

Ulitoka kwenye ngazi. Mama alikuwa mhudumu wa maktaba, na Taratibu akiwa bado mtoto wa kubebwa, mama aliteleza akishuka na vitabu mikononi. Goti likapona lilivyotaka lenyewe. Taratibu hakuwahi kumwona akitembea vinginevyo. Kwake yeye, hatua nzito ikifuatiwa na hatua nyepesi ilikuwa ndiyo sauti ya nyumbani. Akiisikia ukumbini alijua dunia iko mahali pake.

Walimwita mama aone. Alijifuta mikono kwenye khanga, akakaa, akatazama gauni likipita. Akaomba lirudiwe. Likapita tena.

"Ndivyo ninavyoonekana?"

"Ndiyo, mama."

"Mh." Akaenda jikoni. Wakasikia maji yakimwagwa, sufuria ikifunikwa. Aliporudi alisimama mlangoni. "Mwendo chukueni, wanangu, sina neno. Ila huko kuchechemea kuondoeni."

Mbunifu aliruka. "Mama yangu, huko ndiko kwenye uzuri wote! Hukuona pindo lilivyochelewa? Ningeshona miaka yote nisingelipata lile pindo."

"Wewe unaona pindo," mama alisema kwa upole. "Mimi naiona ile ngazi, kila siku ya Mungu. Sitaki kuitazama na dukani."

Mbunifu alianza kuyashusha magauni. Aliyakunja polepole zaidi ya ilivyohitajika, akaaga kwa heshima, na siku kadhaa hakupiga simu.

Taratibu alibaki katikati. Moyoni alikuwa upande wa mbunifu, na hilo lilimtia aibu. Lakini mwendo haukuwa wa mbunifu wala wake. Akaanza kuunyoosha. Alirefusha hatua hii, akapunguza ile, na kilichotoka kilikuwa mtu yeyote tu, abiria fulani anayekwenda zake.

"Huyo simjui," mama alisema.

"Basi niambie, mama. Ulikuwa unatembeaje?"

Mama alifikiri, akashindwa. Nani anayejua anavyotembea? Wakampigia mama mkubwa, dada yake, wakaweka simu mezani kwa sauti kubwa.

"Huyo?" mama mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Alikuwa anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyuma, lakini hana haraka ya kukirudia. Mama yetu alikuwa akimtuma chumvi, chakula kinaiva bila chumvi!"

Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Kila mchana mama alivuta kiti karibu na kompyuta, akafumba macho, akamwelekeza mwanawe. Mabega yashuke. Mkono wa kushoto usibembee sana, ule ulizoea kubeba vitabu. Kisigino kiguse kama kinaomba ruhusa. Taratibu alirekebisha, gauni likapita, mama akafumbua macho, akatikisa kichwa, akafumba tena. Pazia lilijaa na kutulia. Kuna nyakati Taratibu alisahau kama anatengeneza tangazo. Aliona kama yuko kwenye kituo tulivu, anamsubiri mtu ambaye amesikia habari zake maisha yote, na ambaye sasa anakuja kwa mbali, bado hana uso.

Mchana mmoja mama alisema, "Hapo. Usiguse tena."

Gauni la rangi ya maziwa lilikuwa linavuka skrini. Lilikwenda jepesi, likitazama pembeni kidogo, ingawa halikuwa na macho. Mama aliomba lipite tena, na tena, chai ikapoa mkononi mwake.

"Hivyo ndivyo nilivyokuwa natembea siku baba yako alipokuja kurudisha kitabu," alisema.

"Kitabu gani?"

"Hata sijui. Hakikuwa chetu pale maktaba. Alikichukua kwao ili apate sababu ya kuingia."

Taratibu hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Alimtazama mama yake, na mama aliendelea kutazama skrini huku anatabasamu, kama mwenye siri ambaye ameamua kuitoa nusu tu.

Mbunifu alirudi. Alionyeshwa gauni akiwa bado amesimama, begi begani.

"Silo lile," alisema hatimaye.

"Silo."

"Nililipenda lile zaidi."

"Hata mimi," Taratibu alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Lakini hivi ndivyo anavyotaka kuonekana."

Mbunifu aliketi. Akalichukua gauni lenyewe, la kitambaa, akalilaza magotini, akalipindua pindo na kulitazama mshono kwa muda mrefu. "Basi nitalishusha kidogo hapa," alisema. "Mwendo huu unataka nguo ndefu zaidi." Akashika mkasi wake, na ugomvi ukaishia hapo.

Dirisha la duka lilipowashwa, mtaa ulichanganyikiwa. Mzee mmoja aliyebeba mfuko wa vitunguu alitembea kinyumenyume ahakikishe kama gauni nalo litarudi nyuma, likarudi, akalikaripia. Wasichana wa shule walishindana nalo mbio. Mlinzi wa duka la jirani, mtu mkali asiyecheka na mtu, alionekana akiliaga jioni kwa kuinua kofia.

Mama hakwenda siku ya kwanza. Alisema kuna watu wengi. Alikwenda baadaye, asubuhi moja tulivu, barabara imetoka kufagiwa. Taratibu alibaki nyuma kidogo, kama alivyoombwa.

Mama alifika usawa wa dirisha. Ndani ya kioo gauni lilitokea, likatangulia kwa hatua zake nyepesi. Kisha kamera ikasoma mwendo wa aliyepita, na gauni likapunguza, likasimama, pindo likiyumba. Mama akalifikia. Wakaenda sambamba mpaka mwisho wa dirisha, huyu akichechemea, lile likitiririka, bila mmoja kumwacha mwenzake.

Mama alisimama hapo, mkono kwenye kioo.

"Linanisubiri," alisema.

Taratibu alitaka kumweleza kwamba linamsubiri kila mtu, kwamba ni kamera inayopima kasi. Akaona hakuna haja. "Ndiyo, mama."

Mlango wa duka ukafunguliwa, mbunifu akatoka na futi ya kupimia imening'inia shingoni pamoja na mkasi. "Mama, shikamoo. Ingia nikupime."

"Marahaba. Unipime nini, na mwili huu?"

"Huo huo."

Mama alimtazama mwanawe, akalitazama dirisha, ambamo gauni lilikuwa bado limesimama karibu naye. "Ngoja kwanza," alimwambia mbunifu. "Nipite tena mara moja." Akageuka, akaanza kurudi alikotoka, bila haraka yoyote.