Waya Usioshikika Ulivyotufungia Ndani

Niligusisha kadi mlangoni, mlango ukakaa kimya.

Nikagusisha tena. Wapi!

Chumba cha seva, zile kompyuta kubwa za ofisi, kilikuwa na watu wawili tu: mimi, fundi mitandao, na Mzee Chaji, fundi umeme wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kubadilisha betri ya umeme wa akiba.

"Mzee, umegusa nini?"

"Betri tu, mwanangu."

"Hiyo betri tu ndiyo imetufungia!"

Akaendelea kukusanya bisibisi zake.

Mle simu hazishiki. Feni zinanguruma, hata ugonge hadi mkono uvimbe hakuna anayesikia. Kitufe cha dharura cha kufungulia mlango kilikufa mwezi uliopita. Kila mtu alijua, hakuna aliyekitengeneza.

Mara nikasikia kifua cha mzee kinapiga filimbi.

"Pumu," alisema, akijishusha sakafuni. "Dawa iko kwenye koti. Koti liko nje."

Nikakagua nyaya. Nzima zote. Nikakimbilia skrini ya seva kubwa.

Kompyuta inayoamuru ule mlango huwezi kuishika. Ni ya programu tu, mgeni anayeishi ndani ya hiyo seva. Hata waya wake wa mtandao ni programu: ncha moja kwa mgeni, nyingine kwa mwenyeji wake, yaani seva yenyewe.

Upande wa mgeni paliandikwa: imeunganishwa. Muongo! Upande wa mwenyeji, ncha ilikuwa inaning'inia, haijachomekwa popote.

"Mzee, usilale! Ongea na mimi!"

"Wewe... andika."

Nikaandika amri ya kuichomeka ile ncha. Nikakosea mara mbili. Ya tatu, ikashika.

Kadi. Tii! Mlango ukaachia. Nilichomoka kufuata lile koti kama mwizi anayefukuzwa.

Mzee anavuta dawa, bosi huyo kafika. "Nani kafanya hivi?"

Nikafungua kumbukumbu za seva, bila wasiwasi, nikijua ni betri.

Ncha iliondolewa saa tano na dakika kumi. Aliyeiondoa: mimi.

Nusu saa kabla ya mlango kugoma, nilikuwa nafuta kwenye seva majina ya nyaya niliyodhani hayana kazi.

Bosi alishamgeukia mzee. "Wewe na betri zako, kesho usije!"

Kunyamaza kulikuwa rahisi mno.

"Bosi, ni mimi."

Nilisimamishwa kazi wiki mbili. Siku ya pili, mzee akanipigia.

"Nilijua si betri, mwanangu."

"Sasa mbona hukujitetea?"

"Pumzi niliyobaki nayo ilikuwa ya kupumua, si ya kubishana na wewe."

Ndugu yangu, kabla hujamnyooshea mtu kidole, soma kwanza ulichoandika mwenyewe.