Mpigaji Aliyefundisha Kudaka

Juzi tulizika kijijini Ihanda. Simu ilinikuta Tunduma, nimekwama nyuma ya malori ya mpakani, na aliyenipigia hakuhitaji kutaja jina: "Yule dada wa besiboli ametutoka." Songwe ni mkoa wa kandanda na kahawa, lakini mwalimu mmoja wa kujitolea alituletea shuleni mchezo ule wa gongo na mpira mdogo, mgumu. Wengi wetu tuliishia kupiga hewa. Yeye alipopiga, mpira ulivuka uwanja, ukavuka barabara, ukapotelea kwenye mibuni ya watu. Akina mama waliokuwa wakienda kisimani walitua ndoo wamtazame. Sijaona tena mpigaji wa namna ile.

Tulipenda kusimulia mipira yake iliyokwenda mbali. Ule uliokwenda karibu hatukuusimulia. Katika mechi yetu ya mwisho shuleni, mpira alioupiga haukupaa. Ulirudi moja kwa moja kwa msichana aliyemrushia, rafiki yake wa dawati moja, mwenyeji wa Hasamba, ukampiga jichoni. Kwa mazoea tulikuwa tumeshaanza kushangilia, kisha tukaona damu. Jicho halikupona. Mpigaji wetu aliliweka gongo chini na hakulishika tena.

Ukubwani aliuza viatu vya mtumba Tunduma. Wateja walimchokoza: "Dada, ule mpira uliangukia wapi hasa?" Alijibu, "Sikumbuki," akaendelea kupanga viatu. Jioni aliwafundisha mabinti wa shule ya jirani mchezo uleule, na siku moja nilikwenda kutazama. Hakufundisha kupiga. Alifundisha kudaka na kujikinga. "Usifumbe macho, mwanangu! Mikono mbele ya uso!" Sauti yake ilikuwa na hofu. Nilipomuuliza kwa nini hawarithishi kile kilichompa sifa, alijibu akiokota mpira: "Kaka, zile sifa zilikuwa zenu. Mimi nilibaki na kile kishindo."

Msibani msemaji mmoja baada ya mwingine alisifu mapigo yake. Ndipo aliposimama yule rafiki wa Hasamba, mama mtu mzima sasa, jicho moja limefumba. "Mimi nilimsamehe tukiwa bado wasichana. Kila tulipoonana nilimwambia, mwenzangu, piga tena, nione kwa hili lililobaki. Akasema akishika gongo anawasikia mnavyoshangilia." Mabinti waliofundishwa na marehemu walisogea, wakamshika mikono na kumrudisha kwenye mkeka.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulimpa ushujaa, naye akaubeba kama mtu aliyetwishwa gunia asilolifunga mwenyewe. Ukuu wa mtu tusiupime kwa nguvu aliyojaliwa tu. Tuupime pia kwa alichokifanya baada ya nguvu hiyo kumtisha.