Fundi wa jibini aliyejifunza kumkatalia mkubwa

Asubuhi, ukungu umelalia vilima vya Burungu, mnene kiasi kwamba ng'ombe wanatafutana kwa sauti. Nje ya kiwanda kidogo cha jibini, Papa Habumugisha anaota moto wa kuni pamoja na wenzake. Vidole vikishapata joto ataingia ndani kukamua maji kwenye maziwa yaliyoganda.

Mwaka jana moto huu nusura uzimwe.

Kwa miaka ishirini Habumugisha alimtumikia mkubwa ambaye akikohoa tu, kila kitu kilinyamaza, hata jibini rafuni. Jibu lilikuwa moja: "Ndiyo, Patron."

"Hata angesema maziwa iko nyeusi, ningejibu ndiyo," anasema.

Kisha akaja meneja mpya, Myriam, aliyesomea Goma. Alitaka aitwe kwa jina lake. Kila asubuhi wafanyakazi wakae ndani kwenye mabenchi, kila mmoja atoe maoni. Akapiga marufuku kuota moto, eti kunakula muda. Akatangaza pia kwamba mkuu wa kikosi, mwenye mshahara wa dola themanini badala ya sitini, atakuwa yule anayeweza kumkatalia.

Habumugisha aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Binti yake, Uwingabire, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule. Lakini vikao vikapita kimya kimya.

"Ulimi ilikuwa nzito kama ndoo ya maziwa."

Siku moja Myriam akauliza tena kama kuna asiyeridhika. Habumugisha akasimama.

"Hapana, Patr… Mama Myriam," alisema. "Humu ndani hakuna muntu atasema. Maneno yetu iko inje, ku moto. Pale njo tunaongeaka, hata kama ulikataza."

"Mnaongea nini?"

"Tunakusengenyaka."

Myriam akabeba kiti chake mwenyewe hadi nje. Tangu hapo kikao hufanyika motoni, ingawa si wote waliofurahi.

"Papa, sasa tutamusengenya wapi?" alilalamika Ntwari, kijana wa kupanga jibini.

Uwingabire amerudi darasani, na baba yake ndiye mkuu wa kikosi. Sasa anataka watu wake nao wamkatalie bila woga.

"Wanikatalie tu," anasema, akimtupia Ntwari jicho la pembeni. "Lakini polepole. Mimi ilinikamata miaka makumi mbili."