Isale la Aniseti

Ukitaka kunifanya niache chakula mezani, kata mgomba karibu yangu. Ile harufu ya shina lililopasuliwa sasa hivi, mbichi, ya majimaji, yenye ukakasi unaoufikia ulimi kabla ya pua, huwakumbusha wengine kulisha ng'ombe, basi. Mimi hunirudisha kwetu mlimani, Kirua Vunjo, na tangu mwezi uliopita hunirudisha kwa mtu mmoja. Siku hiyo vijana walikuwa wakikata migomba nyuma ya nyumba ya akina Aniseti ili turubai la msiba lipate nafasi. Nilisimama nao na panga mkononi, sikati kitu. Aniseti mwenyewe alikuwa ndani, kwenye jeneza, ametulia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Maana huyu mtu hakuwahi kutulia, msomaji wangu. Alikuwa akicheka mpaka kuku wa jirani wanaacha kutaga. Vihamba vyetu, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, vilipakana, na utotoni sikujua jiko la kwetu linaishia wapi na la kwao linaanzia wapi. Nikichapwa kwetu, nakwenda kulilia kwao. Akichapwa kwao, anakuja kula kwetu. Majani ya ng'ombe tulishuka kuyakata pamoja kule tambarare, na wakati wa kupanda Aniseti aliongea njia nzima, kichwani ana mzigo mkubwa kuliko nyumba ya padri.

Kilichotutenganisha ni kahawa. Miaka ile bei yake ilikuwa imeanza kuwatia watu uchungu, na habari za soko huria zilipotufikia huku juu, baba yangu aliamka asubuhi moja, akanywa uji, akachukua shoka na sururu, akaanza kung'oa mibuni ili apande nyanya. Ile mibuni ya kando kabisa, iliyogusana na kihamba cha akina Aniseti, baba Aniseti akasema ni yake, ilipandwa na marehemu baba yake. Baba yangu akajibu kwamba huyo marehemu hakujua hata jembe linashikwa upande gani. Basi, ujirani ukafia pale pale kwenye mashimo ya mibuni.

Jioni ile nikaambiwa: "Nikikuona tena na yule mtoto, hiyo miguu utaiacha mlangoni." Aniseti naye akaambiwa ya kwake. Kanisani tukakalishwa mabenchi ya mbali, majani tukawa tunakata kwa njia tofauti, nami nikagundua kwamba mlima ule ni mrefu ajabu ukiupanda kimya.

Sasa, kwetu kuna mmea unaoitwa isale. Una majani marefu ya kijani. Tunaupanda kuonyesha mipaka, na kazi yake nyingine ni kuomba radhi. Ukimkosea mtu, hata kama umemchomea nyumba na choo chake, ukimpelekea isale hawezi kukukatalia. Akikukatalia, lawama yote inakutoka wewe, inahamia kwake. Mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajaijua Baba Yetu.

Jumapili moja baada ya misa, baba alikuwa na wageni uani, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, Aniseti akatokea kwenye njia ya migombani. Amevaa koti la mtumba alilonunuliwa kwa ajili ya komunyo ya kwanza, koti la mzungu fulani aliyekuwa na mwili wa tembo, limemfika viatuni. Mkononi kashika isale. Si jani, jamani. Mche mzima, na mizizi yake, na bonge la udongo kama mkate wa Krismasi.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia, vinywa wazi.

"Baba anaomba yaishe."

Baba yake hakuwa amemtuma. Hata mbuzi bandani waliliona hilo. Lakini isale ni isale. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi, aliweka kisu chini.

"Pokea, mwanangu," akamwambia baba. "Pokea kabla mtoto hajachoka mikono."

Baba akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikauona mkono wake wa kulia ukianza kunyooka. Nakuapia, ulikuwa umefika nusu ya safari.

Ndipo baba mdogo akafuta povu la mbege mdomoni. "Hebu, we kijana. Umeling'oa wapi hilo?"

"Pale mpakani."

Yesu na Maria! Isale la mpakani haling'olewi. Anayeling'oa anahamisha mpaka, na mpaka wenyewe ndio uliokuwa ukigombaniwa.

"Si niliwaambia?" Baba mdogo alikuwa ameshasimama. "Wanatuomba radhi kwa mkono huu, wanatumegea shamba kwa mkono ule!"

Ua mzima ukakimbilia mpakani kuliona shimo. Baba Aniseti naye akatokea upande wa pili, panga mkononi, akipiga kelele kwamba ni sisi tuliomfundisha mwanawe kung'oa mpaka. Makelele yale nina hakika yalisikika Kenya. Na jua halijazama, maadui wale wawili wakakubaliana jambo moja tu: mtoto achapwe. Akachapwa. Muda si mrefu akapelekwa kwa mjomba wake kwenye mashamba ya miwa kule chini, akakulia huko kati ya watu wa mikoa yote, akajifunza kuchomelea vyuma, na kwao akawa anapanda Krismasi, kama mgeni.

Wazee wetu walikuja kupatana. Hakuna aliyeomba radhi. Nyanya zilikataa, nguvu zikapungua, wakajikuta wanakunywa kibuyu kimoja. Mimi na Aniseti tukawa marafiki wa mwezi wa Desemba. Kila tulipokutana niliwasimulia watu kisa kile kwa vitendo, koti, udongo na yote, naye alicheka kuliko wote. Mwaka mmoja nikamuuliza, "Lakini wewe bwana, masale yamejaa kila mahali. Kwa nini ukang'oe la mpakani?"

"Ningeling'oa kwetu, lingekuwa la kwetu," akasema. "Ningeling'oa kwenu, ningekuwa mwizi. Lile lilikuwa letu wote."

Nikacheka tena. Nilidhani bado anachekesha.

Leo nadhani watu wazima wa siku ile walijua desturi kuliko sisi, na ndiyo maana waliogopa. Msamaha usioweza kukataliwa unatisha, hasa mtu akiwa bado ana utamu wa hasira mdomoni. Lile shimo liliwaokoa. Walilikimbilia kwa furaha kabisa, nami nikatoka nyuma ya mlango nikakimbia nao, nikampita rafiki yangu bila kusimama. Alibaki pale uani, koti limemfunika viatu, mikono yote miwili mbele, bado anaunyoosha ule mche mahali ambapo baba alikuwa amesimama.