Masale ya Mwalimu Gaudens

Kuchoka kwa Mwalimu Gaudens hakukuwa kule kwa kulala ukaamka kumekwisha. Asubuhi alifundisha watoto wa Kariakoo kusoma na kuandika katika shule ya misheni, kwa Kiswahili alichokuja nacho kutoka Kilema, Kilimanjaro, ambacho watoto wa pwani wakikisikia hushika mbavu kwa kicheko. Jioni alivuka Mnazi Mmoja kwenda kujifunza Kiingereza, maana siku zile za Mwingereza, asiyekijua hakupanda cheo. Alirudi na vumbi la chaki kooni, ulimi umechoka kwa lugha mbili zisizo zake.

Hapo mkewe Severa alikuwa akimngoja na kazi ya tatu. Severa alijua Kichagga peke yake, na Gaudens alipomleta Dar es Salaam alimwahidi kumfundisha Kiswahili kila jioni, walau kidogo, aweze kununua chumvi bila kuonyesha kidole. Lakini mganga hajigangi. Mwalimu alifundisha watoto wa watu, mkewe akabaki chumbani na mtoto wao Candida, akiwasikia wenzake wa nyumba wakicheka uani asijue wanacheka nini.

Severa aliponuna mara ya kwanza, Gaudens alikwenda kwa Kasmir, Mchagga mwenzake aliyeuza vitunguu sokoni. Kasmir alikuwa amepanda masale nyuma ya nyumba yake, kwa kijiti alichokuja nacho kutoka kwao. Kwa Wachagga, aliyekukosea akikupa jani la masale lililopigwa fundo, humnyimi msamaha, hata kama amekuulia ng'ombe. Gaudens alipeleka jani, akasamehewa, na wiki haikwisha ahadi ikasahaulika. Mara ya pili ikawa vilevile.

Kisha Candida akashikwa na homa, baba yake yuko darasani. Severa alitoka uani na mtoto mikononi, akakosa hata neno moja la kumwambia mtu, akabaki analia. Bi Kuruthumu, mwenye nyumba, ndiye aliyemgusa mtoto paji la uso, akamkanda kwa maji mpaka homa ikashuka. Gaudens aliporudi, Severa hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto akipata nguvu, wao wawili wataondoka kwa meli ya Tanga, na kutoka huko watapanda treni ya Moshi, warudi kwao.

Tangu siku ile Severa akawa anashinda jikoni kwa Bi Kuruthumu. Gaudens aliwaona akipita na vitabu kwapani, akafurahi kwamba hasira imepoa. Hakuuliza wanazungumza nini. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu alishika tatu.

Miezi ikapita, Candida akapata nguvu, na alasiri moja Gaudens alikuta sanduku limefungwa kamba. Nguvu za kubembeleza hakuwa nazo. Akaenda moja kwa moja kwa Kasmir.

"Mwalimu, mmea huu utabaki kijiti," Kasmir alisema, akikata jani.

"Hili la mwisho, ndugu yangu."

"Hata lile la pili lilikuwa la mwisho."

Gaudens alilipiga fundo huku akitembea, na kusema kweli moyo wake ulikuwa mwepesi, wepesi wa mtu mvivu. Masale hayakataliwi, basi sanduku litafunguliwa, naye ataliwahi darasa.

Alimkuta Severa uani akichambua mchele na Bi Kuruthumu.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, Mwalimu."

Akamnyooshea mkewe jani kwa mikono miwili. Severa alilipokea, akalitazama fundo lake lililopigwa ovyo, akaliweka mapajani.

"Nimekusamehe, Baba Candida," alisema. "Masale hayakataliwi. Lakini sanduku halifunguliwi. Meli inaondoka kesho asubuhi, na Bi Kuruthumu atatusindikiza mpaka bandarini."

Aliyasema yote kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Kariakoo hasa, laini kuliko cha mumewe. Bi Kuruthumu aliinamia ungo, hakuinua macho. Gaudens alisimama akijaribu kukumbuka ni lini mkewe alijifunza, na lililomjia ni migongo ya wanawake wawili tu, naye akipita.

"Nani amekufundisha?"

"Niliokaa nao," Severa alijibu, akarudi kwenye mchele wake.

Jioni ile Gaudens hakuvuka Mnazi Mmoja. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake, na hakukuwa tena na mtu wa kumfundisha Kiswahili.