Najua na Pikapu ya Marehemu

Katika ukoo wetu baba mdogo aliitwa Najua, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyemwelekeza jambo. Alijua kuezeka, akaezeka, mvua ikanyea ndani. Alijua kufuga kuku. Wakafa wote kwa wiki moja, akasema walikuwa kuku wajinga. Miaka thelathini alimcheka kaka yake, fundi wa magari, kwa kucha zake nyeusi, na miaka hiyohiyo kucha hizo zilimlisha.

Fundi alipokuwa akikata roho alimwachia binti yake ombi moja: apelekwe makaburini kwa pikapu yake ya dizeli, ile aliyoifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma chakavu. Mazishi yalipangwa saa tisa. Saa saba Najua alishika usukani, binti akaketi kando yake, wakapita kujaza mafuta kabla ya kumchukua marehemu hospitali.

Najua alishuka kumsimamia mhudumu wa kituo cha mafuta. Binti alibaki ndani, macho kayafumba, akimwomba Mungu ampokee baba yake. Hakufika mbali. Harufu ilimzindua. Akachungulia dirishani.

"Kaka, umetia nini?"

"Petroli, dada. Nimemuuliza mzee mara mbili. Kasema gari la kaka yake analijua."

Kifuniko cha tangi kilikuwa juu ya pampu, kimeandikwa DIZELI kwa rangi nyekundu. Marehemu alikuwa ameliandika neno hilo kwa mkono wake, na gari lile hakuwahi kumwazima mtu ila mdogo wake.

Najua alikwisha kurudi kitini na ufunguo ulikuwa kwenye swichi. Binti akauchomoa, akaufumbata.

"Baba mdogo, usiwashe. Petroli hailainishi kama dizeli; ikifika kwenye pampu ya injini, pampu inasagika kavu. Hatufiki popote."

"Najua. Yakichanganyika yanaungua tu. Mafuta ni mafuta."

"Na maziwa ni maji. Shuka usukume."

"Unanijibu hivyo na baba yako hajazikwa?"

"Ndiyo maana nakwambia usukume."

Walilisukuma pembeni, binti na mhudumu. Najua aliegemeza kiganja kwenye bodi akatembea nalo. Kisha akasema ni heri wakodi gari jingine, lenye hadhi. Binti aliinama mlangoni. Alitoa spana chini ya kiti, imeviringishwa kitambaa palepale baba yake alipozoea kuiweka, akaingia uvunguni na gauni lake la msiba. Mhudumu alimsogezea madumu. Petroli ikammwagikia mpaka viwikoni. Kivulini, Najua alikuwa akimweleza mpita njia namna tangi linavyokaushwa.

Saa nane na robo walitia dizeli safi. Binti alishika usukani mwenyewe, akasema "Bismillah," akawasha. Injini ilikohoa mara moja, ikanguruma.

"Si nilijua litawaka," Najua akasema.

Saa tisa kasoro dakika tano pikapu iliingia makaburini kutoka hospitali, na mwenyewe mgongoni. Baada ya dua Najua alisimama kutoa shukrani, akataja kwamba usafiri aliusimamia yeye binafsi. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kumhurumia alivyohangaika.

Binti alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa nyeusi kama za baba yake. Alimwomba Mungu ampe moyo wa kumsamehe baba mdogo, akaongeza kwamba hana haraka.