Sauti ya Katekista Iliyopotelea Mezani Kwangu

Aliyekosea ni mimi. Si umeme, si unyevu, wala si uzee wa mashine. Nalitanguliza hilo kwa sababu kwa miezi mingi nimesema vingine, na watu wawili waliozaliwa tumbo moja wakaacha kusalimiana kwa sababu ya maneno yangu.

Mimi ni mwanamke, fundi kompyuta hapa Kilosa, Magomeni. Natengeneza simu, natoa kopi, naweka programu. Watu wananisifu kwamba hakuna kitu kinachonishinda, na mimi sifa nazipenda. Ubaya wangu ulianzia hapo.

Mwaka jana aliingia dukani mwalimu mstaafu, mama wa watu, mwenyeji wa milimani Vidunda. Nitamwita Mwalimu tu. Alikuja na kaka yake anayeishi Mikumi, nitamwita Mzee Yohana ingawa si jina lake. Walikuwa wameleta kompyuta ya zamani, lile sanduku zito ambalo siku hizi hulioni popote, wamelifunga kwa kitenge kama mtoto.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," Mwalimu akajibu, akaweka mkono juu ya lile sanduku. "Humu ndani yumo baba yetu."

Wakanieleza. Baba yao alikuwa katekista. Kabla hajafariki, Mzee Yohana alimkalisha mbele ya kompyuta hiyo, akamwekea kipaza sauti, na yule mzee akasimulia jinsi ukoo wao ulivyopanda mlimani, akaimba na tenzi za kanisani kwa Kividunda. Nakala nyingine haikuwepo. Sasa walikuwa wanajiandaa kuweka msalaba kaburini, na walitaka wajukuu waisikie sauti hiyo siku hiyo.

"Mwaka wa mafuriko nilikuwa nakaa Chanzuru," Mzee Yohana akasema huku anacheka. "Maji yameingia ndani, mke wangu anapiga kelele nibebe magodoro. Mimi nikambeba baba kichwani."

Nikaiwasha. Ilikuwa na Linux ya zamani sana, ile programu inayoendesha mashine nzima, aliyoiweka mgeni mmoja aliyewahi kufundisha huko milimani. Ikachukua muda, lakini ikawaka. Mwalimu akanionyesha faili, nikafungua. Tukasikia mtu anakohoa, anasafisha koo, kisha sauti nzito ya kizee ikaanza kusema polepole. Mwalimu akafunika mdomo kwa khanga. Mzee Yohana akavua kofia.

"Sehemu ya CD haifanyi kazi," Mwalimu akaniambia baadaye, "lakini hiyo achana nayo. Tutolee sauti tu, utuwekee kwenye flashi."

"Msijali. Nitawatengenezea vyote."

Kazi yao ilikuwa rahisi. Ningefungua sanduku, nikatoa diski inayohifadhi kila kitu, nikaiunganisha na laptop yangu kwa waya, nikanakili. Waya huo ninao, uko kwenye droo. Jioni hiyo hiyo wangeondoka na sauti ya baba yao.

Sikufanya hivyo. Nilitaka mashine ile ifufuke yote, na ile CD izunguke, nijirekodi video niweke mtandaoni, watu waone dada wa Kilosa anavyowasha kitu cha enzi hizo.

Kwenye kompyuta za aina ile, draivu ya CD haikuungwa pale ilipozoeleka. Waya wake ulikwenda kwenye kadi ya sauti. Kwa hiyo Linux haiioni mpaka uitajie ni kadi gani, na iko kwenye anwani ipi ndani ya mashine. Anwani hiyo hupangwa kwa vipini vidogo vya chuma vilivyo kwenye kadi yenyewe. Ukitaka kuijua, unaichomoa kadi unatazama.

Skrubu ya kadi ilikuwa na kutu. Nikajaribu kidogo, ikagoma, nikaona ya nini kuhangaika. Nikaiamuru mashine itafute yenyewe, ijaribu anwani moja baada ya nyingine. Maelekezo niliyokuwa nayasoma kwenye simu yalionya waziwazi: usiiache ibahatishe, inaweza kuingilia kifaa kingine kisichohusika ikakivuruga. Nilisoma. Nikapitisha kidole nikaendelea chini.

Basi nikasimamisha simu inirekodi, nikaanza. Anwani ya kwanza, kimya. Iliyofuata, kimya. Nikajaribu tena, skrini ikaganda. Taa ya diski ikawaka moja kwa moja, haizimi. Nikangoja, nikachoka, nikachomoa waya wa umeme.

Nilipoiwasha tena ikaniambia diski ina hitilafu, ikauliza nirekebishe? Nikajibu ndiyo. Ikauliza nyingine, ndiyo. Yakawa maswali mengi, nikaweka kidole kwenye kitufe nikakiacha hapohapo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, sisomi hata ninachokikubali.

Ilipomaliza nikafungua folda iliyokuwa na ile sauti. Tupu. Mahali pengine nikakuta vipande vyenye majina ya tarakimu tu. Nikavicheza kimoja kimoja. Vilikuwa vinachakarisha kama mchanga kwenye bati. Sauti ya mtu haikuwemo.

Unajua nilifanya nini kwanza? Nilifuta video. Kabla sijajaribu kuokoa chochote, nilifuta video niliyojirekodi. Kisha ndipo nikahangaika na kila programu ya kurudisha faili ninayoijua, siku nenda siku rudi. Sikupata kitu.

Mwalimu alipokuja nilikuwa na uongo tayari. Nikamwambia diski ilishaliwa na unyevu zamani, na ile siku tuliyoisikia ndiyo ilikuwa inamalizia pumzi zake.

"Unyevu wa wapi?"

"Hapo ilipokuwa inatunzwa, Mwalimu. Labda ilikaa stoo, karibu na mahindi."

Akasema, "Nilimwambia Yohana aiweke chumbani." Akaondoka bila kuaga.

Baada ya wiki kadhaa Mzee Yohana alikuja peke yake. Hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ni mimi niliyemuua baba mara ya pili?"

Ningeweza kusema pale. Hapakuwa na mteja mwingine. Nikatazama kibodi nikasema, "Ni unyevu, baba. Si kusudi lako."

"Haya. Ahsante kwa kunifungua macho."

Alinishukuru.

Msalaba uliwekwa. Nikasikia kwamba Mwalimu alimkatalia kaka yake kutoa neno kaburini, mbele ya ukoo mzima. Mzee akateremka mlima akarudi Mikumi, na tangu hapo hawakupigiana hata simu.

Mwaka huu Mwalimu akaingia tena dukani. Alikuja kutoa kopi ya kadi ya bima ya kaka yake. Mzee Yohana amepigwa na kiharusi, upande mmoja umekufa, na hasemi.

"Nilikuwa nimepanga nimpigie Pasaka," akasema. "Nikasema acha kwanza ajutie."

Nikamwambia yote, kuanzia skrubu hadi kitufe cha ndiyo. Hakunitukana. Alisubiri kopi zake, akazikunja, akaziweka kwenye pochi. Ndipo akasema:

"Sauti ya baba nilishaikosa siku tuliyomzika. Hii ya kaka yangu nilikuwa nayo mpaka juzi, na wewe ukanifanya nisiitake. Funga duka twende ukamwambie."

Tukaenda Mikumi. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia Mzee Yohana kwamba hakuharibu kitu, kwamba alimtunza baba yake vizuri mpaka alipomleta kwangu. Alinitazama muda mrefu. Midomo ikahangaika, ikatoka "aa, aa" tu. Kisha mkono wake unaofanya kazi ukainuka, ukanipita, ukamtafuta dada yake. Mwalimu akainamisha sikio mdomoni kwake, akawa anasema, "Sema kaka, nakusikia," na hakukuwa na cha kusikia.

Sijui kama amenisamehe. Sijathubutu kuuliza.

Wewe fundi unayesoma hapa, ukiletewa kitu cha mtu, nakili kwanza, ufundi wa kuonyesha watu ufuate. Lakini hilo la kunakili ni dogo. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo. Sema wakati mwenye kitu bado ana nguvu za kukugombeza, na wale utakaowasingizia bado wana mdomo wa kujitetea.